MAONI: Nilipanda kilima cha Vatican, nikagundua boda yenyewe iko Nairobi

"Hebu geuza kamera nione hiyo boda," beshte yangu aliniambia kwenye simu ya video. Yeye alikuwa ameketi Umoja katika chumba chake cha kushonea, mimi nimesimama Roma nikihema kama mtu aliyepanda ghorofa ya nane lifti ikiwa mbovu.

Nikageuza kamera. Akaona ukuta wa matofali, mrefu na mnene, umeegemea kilima. Akaona barabara ikipanda kando yake hadi ikapotea kwenye kona. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo halijanitoka kichwani hadi leo.

"Na mbona hakuna mtu anakuuliza pasipoti?"

Wacha nieleze tulivyofika hapo. Mwaka jana mimi na yeye tulialikwa kwa warsha ya siku tano huko Ulaya, ya vijana wanaogeuza vitu vilivyotupwa kuwa bidhaa. Yeye hushona mikoba kwa mitumba iliyochakaa. Mimi hupiga picha na kuandika kuhusu kazi kama hiyo. Mwaliko ulikuwa mmoja, tarehe zilikuwa zilezile, na aliyegharamia alikuwa yuleyule. Tulijaza fomu sawa na kupiga foleni siku moja.

Kama hujawahi kuomba viza ya Schengen, jua hivi. Ada ni yuro 90, takriban Sh13,000, na ukikataliwa hurudishiwi hata ndururu. Juu yake unahitaji bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, taarifa za benki, tiketi, thibitisho la mahali utakapolala na barua ya mwajiri. Beshte hana mwajiri. Mwajiri ni yeye.

Mimi nilipewa. Yeye alipewa karatasi yenye visanduku, kimoja kikiwa kimetiwa alama. Maana yake ni kwamba kuna shaka kama angeondoka kabla ya viza kuisha.

Huyu ni mtu mwenye cherehani tatu, wasichana wawili aliowaajiri na kodi ya duka inayosubiri kila tarehe tano. Nilimwona akiisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye kipochi. Hakulia. Aliniuliza tu, "Wewe walikuamini kwa nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na barua ya mwajiri, basi.

Basi nikaenda peke yangu. Nilibeba mikoba yake 12 kwenye sanduku langu. Uwanja wa ndege afisa wa forodha alifungua, akaigeuza mmoja, akausifu na kunirudishia. Mikoba ikaingia Ulaya, mshonaji akabaki Umoja.

Warsha ilipoisha nilikuwa na siku mbili zaidi. Viza hiyo moja hufungua nchi 29, kwa hivyo nikapanda ndege ya bei rahisi hadi Roma. Nilimwahidi beshte kwamba nitamtembeza kwa simu. Alitaka kuona Vatican. Si kwa sababu ya dini sana; alisoma mahali kwamba ndiyo nchi ndogo zaidi duniani, akataka kujua nchi ndogo hivyo inajilinda vipi.

Na kweli ni ndogo. Vatican ina hekta 44, yaani ekari kama 109. Msitu wa Karura una zaidi ya hekta 1,000, kwa hivyo nchi hiyo nzima ingeingia Karura mara 20 na bado ungebaki na njia ya kukimbilia Jumamosi asubuhi. Mpaka wake wote ni zaidi kidogo ya kilomita tatu. Ukiwa na viatu vizuri unaweza kuzunguka nchi nzima kwa takriban saa moja, ila ujiandae, kwa sababu upande wa nyuma ni mlima.

Nilianzia mbele, kwenye Uwanja wa Mtakatifu Petro. Huko hakuna ukuta. Uwanja uko wazi, umezungukwa na nguzo kubwa za Bernini, zilizojengwa kati ya 1656 na 1667. Mpaka wa Italia na Vatican ni mstari wa mawe meupe uliolazwa chini. Nilisimama mguu mmoja huku na mwingine kule, nikapiga selfi kama kila mtu. Watoto walikuwa wakiurukaruka kama wanacheza bano. Ukitaka kuingia kanisani utapita mashine ya kukagua mizigo, kama ile ya mlangoni mwa maduka makubwa ya Nairobi. Hayo tu.

Katikati ya uwanja kuna nguzo ya jiwe jekundu, ndefu zaidi ya mita 25. Hiyo ilitoka Misri. Caligula aliileta kwa meli katika karne ya kwanza, na mwaka 1586 ikasogezwa hadi hapo iliposimama leo. Nilipomwambia beshte, alicheka hadi simu ikayumba. "Kwa hivyo jiwe la Afrika liko hapo miaka karibu 2,000 na hakuna aliyeuliza kama lina nia ya kurudi nyumbani?"

Hapo ndipo nilianza kuona kwamba matembezi haya hayatakuwa ya picha tu.

Kulia kwa uwanja, nikafuata ukuta hadi Lango la Mtakatifu Anna. Hapo sasa kuna walinzi. Wamevaa sare ya buluu, si zile za milia unazoziona kwenye picha, na ni vijana kabisa. Walinzi wa Uswisi wamekuwepo tangu Januari 1506. Ili uchukuliwe lazima uwe mwanamume raia wa Uswisi, Mkatoliki, hujaoa, umri kati ya miaka 19 na 30, na urefu usiopungua sentimita 174. Na kazi hiyo si maonyesho. Tarehe 6 Mei 1527, jeshi lililoasi lilipovamia Roma, walinzi 147 waliuawa wakimpa Papa nafasi ya kukimbia. Hadi leo walinzi wapya huapishwa tarehe hiyo.

Nilisimama upande wa pili wa barabara nikamwangalia mmoja wao. Angekuwa Nairobi, angekuwa mwaka wa pili chuoni. Mama mzee akaja na karatasi ya daktari mkononi. Ndani ya Vatican kuna duka la dawa, na hata watu wa Roma huruhusiwa kununua humo wakiwa na karatasi ya daktari na kitambulisho. Mlinzi akaangalia, akapiga saluti, mama akapita. Hakuulizwa ana pesa ngapi benki. Aliulizwa amekuja kufanya nini, akasema, akaaminiwa.

Kisha nikaanza kupanda.

Barabara inaitwa Viale Vaticano. Mwanzoni haikutishi kwa sababu uko pamoja na umati. Foleni ya makavazi imeshikana na ukuta, watu wameshika tiketi, waelekezi wameinua vijibendera, wachuuzi wanauza maji na miavuli. Upande wa pili kuna ngazi ndefu zinazoshuka hadi mitaa ya chini, na ukizitazama ndipo unajua umefika juu kiasi gani.

Kijana mmoja Mwafrika alikuwa akiuza vikuku vya shanga hapo. Aliniita "ndugu yangu" kwa Kiingereza cha kubahatisha, nikanunua viwili. Nikamuuliza kama amewahi kuingia ndani. Akatikisa kichwa. Miaka mitatu anafanya kazi chini ya ukuta huo, lakini tiketi ni pesa, na pesa ina kazi nyingine. Alikuwa akiongea huku macho yake yakitazama juu na chini ya barabara, vile mchuuzi wa Nairobi anavyoongea akijua kanjo wako karibu. Sikuhitaji tafsiri.

Ukipita lango la makavazi umati unaisha ghafla. Unabaki wewe, ukuta, mwinuko na nyumba za ghorofa zenye nguo zilizoanikwa kwenye roshani. Hapa ndipo miguu inalalamika. Ukuta unafuata kilima, ukitokeza pembe kubwa zilizochongoka ambazo zilijengwa kuhimili mizinga. Sehemu kubwa ya kuta hizi za juu ni ya karne ya 16. Lakini wazo lenyewe ni la kale zaidi. Mwaka 846 wavamizi kutoka baharini walifika na kupora kanisa la Mtakatifu Petro, ambalo wakati huo lilikuwa nje ya kuta za Roma. Papa Leo IV akajenga ukuta kukizunguka kilima, kati ya 848 na 852. Wafungwa wa vita walikuwa miongoni mwa wajenzi.

Kwa hivyo ukuta huu ulikuwa na sababu. Watu walivamiwa, wakaogopa, wakajenga. Hilo naelewa. Hata mimi usiku hufunga mlango kwa kufuli mbili.

Lakini leo ukuta huo haumzuii mvamizi yeyote. Watu huupiga picha. Mbwa wa mtaani hukojoa hapo. Na nchi iliyo ndani yake imeacha mbele wazi, mstari wa mawe meupe tu. Ndiyo maana swali la beshte lilinikata. Nilikuwa nimesimama kwenye mpaka wa nchi yenye walinzi waliokufa wakiulinda, nikiwa na pasipoti ya Kenya mfukoni, na hakuna aliyetaka kuiona.

Jibu nililompa nikiwa pale juu ni hili: hawaniulizi kwa sababu nilishaulizwa Nairobi.

Boda ya Vatican haiko kwenye kile kilima. Huwezi kufika Vatican bila kupitia Italia, na huwezi kuingia Italia bila viza. Kwa hivyo boda iko kwenye jengo lenye kiyoyozi, ghorofani, mbele ya dirisha la kioo, ambapo karani hupokea fomu yako na kukuambia subiri ujumbe mfupi. Mlinzi wa mpaka si yule kijana wa Uswisi mwenye mkuki. Ni mtu usiyemwona, anayesoma taarifa zako za benki na kuamua kama una sababu ya kurudi kwenu. Ukuta wa mawe unaweza kuugusa na hata kuuzunguka. Wa karatasi huujui umeanzia wapi. Beshte aligonga kichwa hapo akiwa bado Nairobi, maelfu ya kilomita kabla ya tofali la kwanza.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia." Kweli kabisa. Sisemi mipaka ivunjwe. Na ni kweli pia kwamba wapo waliopata viza za warsha wakapotelea huko, na sisi tunaobaki tunalipia. Hilo tuambiane bila kufichana.

Ninachokataa ni mambo mawili. La kwanza ni kuchukua Sh13,000 za kijana, kumkatalia kwa alama moja kwenye kisanduku, na kubaki na pesa. Ukinunua tiketi ya mechi ya Gor na mechi isichezwe, unarudishiwa. La pili ni kumhukumu mtu kwa karatasi ambazo maisha yake hayatoi. Vijana wengi wa nchi hii hawana barua ya mwajiri kwa sababu wamejiajiri, na ni serikali zilezile zinazotuhubiria kila siku tujiajiri. Ukifanya walichokuambia, fomu yao haikutambui.

Lakini nikikomea hapo nitakuwa nimewadanganya. Ni rahisi kuwakasirikia Wazungu na ukuta wao. Nilipokuwa nikishuka upande wa pili, karibu na pale reli fupi ya Vatican inapoingia kupitia lango la chuma ukutani, beshte aliniambia neno lililoniuma zaidi. "Lakini hata hapa kwetu si ni hivyo hivyo?"

Alikuwa anakumbuka wiki iliyotangulia. Alipeleka mikoba kwa mteja katika mtaa mmoja wenye geti. Askari alimwachia dada aliyekuja na gari apite bila neno. Yeye, aliyeshuka boda-boda, akaambiwa aache kitambulisho, aandike jina, namba ya simu na anakokwenda, kisha asubiri mwenye nyumba apigiwe simu. Alisubiri kwa jua dakika 40. Sote tunalijua hilo daftari la getini. Wengi wetu tunaishi nyuma ya geti kama hilo, na tunaona ni sawa kwa sababu sisi tunalipita.

Na hilo ni dogo. Fikiria Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walikuja kufanya kazi kwenye mashamba, watoto wakazaliwa hapa, wajukuu wakazaliwa hapa, na bado hawakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti, hupigi kura, huajiriwi. Ilibidi Oktoba 2016 wafunge safari ya miguu kutoka Kwale kuja Nairobi hadi Ikulu ndipo wakasikizwa na kutambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Pwani walisubiri hadi 2023. Waulize pia vijana Wanubi wa Kibera au wenzetu wa Garissa na Mandera jinsi walivyoketishwa mbele ya kamati kuthibitisha kwamba wao ni Wakenya, wakati mwenzao wa Nyeri alichukua kitambulisho akitoka shuleni.

Hawa hawakuwa wanaomba kwenda Ulaya. Walikuwa wanaomba kuwa nyumbani.

Kuna jambo la ajabu kuhusu Vatican ambalo nililiwaza nikishuka. Hakuna mtu anayezaliwa raia wa Vatican. Uraia wake hutokana na kazi au wadhifa ulio nao pale, na kwa kawaida ukiacha kazi, uraia nao unaisha. Yule kijana wa Uswisi ni raia leo. Akimaliza muda wake atarudi kwao. Sisemi tuige. Nasema tu kwamba sheria hizi za nani ni wa ndani na nani ni wa nje zimeandikwa na watu, na kilichoandikwa na watu kinaweza kuandikwa upya.

Na zinaandikwa upya, hata kwetu. Tangu 2014 ukiwa na kitambulisho cha Kenya unaweza kuingia Uganda na Rwanda bila pasipoti. Hakuna anayeuliza taarifa za benki ukifika Busia. Watu wengi wa rika langu hawajui hilo, au wanajua na hawajawahi kulitumia. Tunaota Roma na Paris ilhali Kampala na Kigali ziko wazi, zina soko na zina wateja wa mikoba.

Novemba 2015, Papa Francis alikuja Nairobi. Alikutana na vijana Kasarani na akaenda hadi Kangemi, mtaa ambao wakubwa wetu wengi huupitia juu kwa juu kwenye barabara ya Waiyaki. Wengi tulikuwa shuleni bado, lakini tunakumbuka. Kiongozi wa nchi ile yenye ukuta alifika mlangoni kwa watu wa mabati, na watu wa mabati hawakumuuliza atarudi lini. Walimwimbia.

Sasa tufanye nini? Kwanza, ukikataliwa viza, usiifiche karatasi kwenye kipochi kama aibu. Soma kisanduku kilichotiwa alama. Una haki ya kukata rufaa, na muda wake ni mfupi. Wengi hatukati kwa sababu tunadhani ni sisi tulioshindwa. Pili, viongozi wetu wanapokutana na mabalozi kupiga picha na kusaini mikataba ya biashara, tuwaulize suala la ada isiyorudishwa. Mitumba yao inaingia Gikomba kila wiki, maua yetu yanaingia kwao kila usiku. Haiwezekani kila kitu kivuke isipokuwa kijana anayekishona au anayekichuma. Tatu, kabla hujaandika mtandaoni kwamba Ulaya inatudharau, angalia geti la mtaa wako, na muulize mwenyekiti wa mtaa kwa nini anayeshuka boda-boda huacha kitambulisho na mwenye gari haachi.

Nilimaliza kuzunguka jioni. Nilikaa kwenye kibaraza karibu na uwanja, miguu ikiwaka moto, nikamwonyesha beshte kuba la kanisa likibadilika rangi jua likizama. Alisema ni rembo. Kisha akasema anahitaji kukata simu, kuna mteja mlangoni.

Ombi lake la pili linaenda Februari, kwa warsha ya mwaka huu. Safari hii ameambatanisha leseni ya biashara, risiti za kodi ya duka za mwaka mzima, picha za zile cherehani tatu na barua za wasichana wawili wanaomtegemea kwa mshahara. Sh13,000 zingine amezitoa kwenye akiba ya cherehani ya nne. Wakimjibu nitawaambia.